Nani Anaenda, Nani Anabakia: Shauri la Jamaa Zetu Mbele ya Njia ya Katanga

Siku hizi watu wakizungumza juu ya kuhama, wanaliweka neno kama vile ni la mtu mmoja tu. Kijana anataka kwenda Afrika ya Kusini ama Zambia. Baba mmoja wa Kasai anataka kuleta bibi na watoto Lubumbashi ama Kolwezi. Mwingine anatafuta njia ya kufika Ulaya ama Kanada. Tunauliza: aende ama abakie? Na kama anaenda, aende peke yake ama na jamaa yake yote? Swali hili si jipya. Nkambo zetu walilijibu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati machimbo ya shaba yalipoanza kuita watu, na majibu yao njo yametuzaa sisi tunaosema Kiswahili cha Katanga leo.

Katika kurasa hizi tunataka kueleza namna gani shauri hili lilikatwa zamani, nani alikuwa na neno ndani yake, na nini kiliwapata waliokwenda na waliobakia. Tunasema tangu mwanzo neno tunalotaka kuonyesha. Wazee wetu hawakuuliza tu "kwenda ama kubakia". Waliuliza: nani anaenda, nani anabakia, na nani atashika njia katikati yao. Jamaa zilizouliza vile zilivumilia mambo mengi. Zile ambazo swali hili lilinyamazishwa ndani yao zilipata shida kubwa siku kazi ilipokwisha.

1. Wakati mwanaume alikwenda peke yake

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ya Kaskazini, inchi tunayoita leo Zambia, ilifika mwaka 1910, na mwaka uleule mji wa Elisabethville ukaanza kujengwa. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ilitoka katika tanuru la Lubumbashi. Ili kupata mikono, wazungu walitengeneza tangu 1910 ofisi ya kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Watu wake walipita vijijini, walizungumza na wakubwa wa inchi, na mara nyingi mkubwa ndiye aliyechagua nani atoke. Wengine wengi walitoka upande wa Rhodesia.

Katika miaka ile ya kwanza, karibu hakuna aliyewaza kupeleka bibi na watoto. Kontra ilikuwa ya miezi michache. Mtu alitembea siku nyingi kwa miguu, alilala katika kibanda pamoja na wanaume wengine, alikula unga ambao hakuuzoea. Kuhara damu, ugonjwa wa mapafu na homa za matumbo ziliua wengi, na mwaka 1918 ikaja homa kubwa ya grippe iliyopita dunia nzima. Kijiji kilijua kwamba si wote waliotoka watarudi. Namna gani mtu apeleke mtoto wake mahali kama pale?

Basi kwa nini walikwenda? Sababu ya kwanza ni kodi. Serikali ya ukoloni ilitaka kila mwanaume mzima alipe kodi kwa franga, na franga hazikuota shambani. Tangu 1917 ikaongezeka kazi ya kulima kwa lazima, kama vile pamba, iliyochosha watu wa Lomami na wa sehemu nyingine nyingi. Kwa hiyo "kubakia nyumbani" haikuwa kukaa kwa raha. Sababu ya pili ni mali, ni kusema vitu ambavyo kijana anatoa kwa wazazi wa bibi ili ndoa ikubaliwe. Zamani mali ilikuwa jembe, misalaba ya shaba, mbuzi, nguo ya raffia, kufuatana na kila kabila. Pole pole ikageuka kuwa franga, blanketi na nguo za duka. Kijana asiyekuwa na mjomba ama baba wa kumsaidia aliona kwamba Katanga iko karibu zaidi na ndoa kuliko shamba la nyumbani.

Tunaomba msomaji akumbuke neno hili la mali, sababu litarudi mara nyingi. Watu wengine wanafikiri kwamba mzee wa zamani alihama juu ya kutupa desturi. Kumbe wengi walihama ili waweze kuitimiza.

2. Nani alikuwa na neno

Mzungu wa ofisi aliandika jina la mwanaume mmoja katika kitabu chake. Lakini nyuma ya jina lile kulikuwa jamaa nzima, na jamaa zetu hazikukata shauri kwa namna moja.

Kwa Waluba wa Kasai, na kwa kawaida kwa Waluba wa Katanga vilevile, mtoto anafuata ukoo wa baba. Mali ikiisha kulipwa, bibi anakwenda kukaa kwa watu wa bwana yake, na watoto ni wa kule. Kwa hiyo swali la kumpeleka bibi Katanga lilikuwa kwanza swali la wababa na wakubwa wa upande wa bwana. Wazazi wa mwanamke waliweza kulia, waliweza kudai iliyobaki ya mali kabla binti yao hajatoka, lakini haikuwa rahisi kwao kukataza.

Kwa Wabemba wa Luapula, Walamba na Wasanga, mambo ni mengine. Kule mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba, ndugu ya mama, njo mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Tena, kwa Wabemba, kijana aliyeoa alikaa kwanza katika kijiji cha wazazi wa bibi, akiwafanyia kazi ya mikono kwa miaka kadhaa, kabla hajapata ruhusa ya kumpeleka kwake. Fikiria sasa kijana wa namna hii akisema: "Ninaenda na bibi na batoto ku Katanga." Kwa masikio ya mama mkwe na mjomba, hilo halikuwa neno la safari tu. Ilikuwa sawasawa na kuondoa watu wa ukoo wao na kuwapeleka mahali ambapo mjomba hana sauti. Walimuuliza: "Mutoto akigonjwa, nani atajua? Akikufa, nani atalia pale?"

Kwa sababu hii, ndani ya kazi moja na kampuni moja, wanaume wawili wenye mshahara sawasawa waliweza kukata shauri tofauti kabisa. Mmoja alimleta bibi upesi. Mwingine alimwacha kwao miaka mingi, akirudi kati ya kontra na kontra. Mzungu aliona na kusema kwamba huyu "amestaarabika" na yule bado. Hapana. Tofauti ilikuwa katika ukoo na katika mali, na kila mmoja wao alikuwa anatii wakubwa wake.

Baraza la jamaa lilizoea pia kugawanya watu. Ndugu wawili hawakutoka pamoja kama baba yao alikuwa mzee. Mmoja alibakia juu ya shamba na makaburi, mwingine akaenda juu ya kodi na mali. Baadaye waliweza kubadilishana. Mara nyingi mtoto wa kwanza aliachwa kwa nkambo, na wadogo wakafuata wazazi. Watu wa leo wakiona mtoto ameachwa ku mugini wanasema wazazi walimtupa. Wazee waliona namna nyingine: mtoto yule ni kamba. Jamaa iliyo na mtoto wake nyumbani itarudi kumtazama, na mtoto yule akikomaa atajua mpaka wa shamba uko wapi na nani ni ndugu yake.

3. Kampuni inaita bibi na watoto

Karibu na mwaka 1928, swali likageuka. Katika miaka iliyotangulia, Union Minière iliona kwamba kazi ya kutafuta watu kila mara inakula franga nyingi. Mtu alifika, alianza kujua kazi, mara kontra ikaisha, akarudi kwao, ama alitoroka kabla. Upande wa Rhodesia machimbo mapya yalikuwa yanafunguliwa, na watu wa kule waliweza kupata kazi bila kuvuka mpaka. Kampuni ilitafuta watu mpaka Rwanda na Burundi, na maelfu waliletwa kutoka kule kati ya 1925 na miaka ya 1930. Mwisho ikakata shauri: afadhali watu wachache wanaodumu kuliko wengi wanaopita. Kontra ikawa ya miaka mitatu. Na ili mwanaume adumu, bibi yake aje.

Katika mwaka uleule wa 1928 reli ya B.C.K. ilimalizika kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, mji tunaouita leo Ilebo. Njia ile inapita Kamina, Luputa, Mwene-Ditu na Kananga. Safari ambayo zamani ilikuwa ya majuma mengi kwa miguu sasa ilikuwa ya kukaa ndani ya behewa pamoja na kuku, mikeka na watoto. Wazee wa Kasai wakieleza asili yao wanasema kwa ufupi: "Balikuya na treni." Mlango wa pili ulikuwa umefunguka.

Na kampuni haikungoja tu jamaa zikate shauri. Iliwapa wenye bibi nyumba ya matofali. Iliwapa poso ya kila juma, unga, samaki ama nyama, mafuta, chumvi, kwa bwana, kwa bibi na kwa kila mtoto. Ilijenga hospitali za kuzalia, mahali pa kupima watoto wachanga na kuwapa maziwa, masomo yaliyoshikwa na wamisionari, na nyumba za kufundisha wamama kushona na kupika. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa walioongoza mambo haya, aliyaeleza katika kitabu alichotoa mwaka 1946. Shabaha haikufichwa: mtoto anayezaliwa kambini, anayekomaa kambini, atakuwa mfanyakazi wa kesho, na hatahitaji kuzoezwa.

Lakini jambo ambalo tunaona ni kubwa zaidi ya yote ni hili: kampuni iliingia pia katika mali. Kwa kijana asiyekuwa na bibi, iliweza kumtangulizia franga za kuoa, kisha ikazikata pole pole katika mshahara. Wengi walishukuru, na sisi hatuwalaumu. Kijana aliyekuwa masikini, bila mjomba mwenye vitu, alipata nyumba na bibi kabla nywele hazijaota mvi. Hata hivyo tutazame vizuri. Zamani mali ilitoka kwa wababa na wajomba, kwa hiyo wao njo walikuwa na neno. Ndoa ikiharibika, wao njo waliitwa. Mtoto akipotea, wao njo waliulizwa. Sasa mali ilitoka ku biro. Basi siku ya shauri kubwa, nani ataitwa? Bila kelele, kiti cha mjomba kilikaliwa na kampuni.

Watu wenyewe waliona. Kampuni ile waliiita Changa-changa, sababu ilichanganya watu wa kila inchi. Na juu ya kazi walisema neno ambalo linasikika mpaka leo: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Neno hili lilikuwa la sifa. Lilikuwa pia la kweli kupita walivyofikiri, sababu baba na mama wa damu walikuwa mbali, na kila mwaka walizidi kuwa mbali.

Tena, kampuni na misheni walihesabu bibi mmoja tu. Mtu aliyekuwa na bibi wawili alipaswa kuchagua nani aje, nani abakie. Hapa shauri la kuhama lilikata ndoa yenyewe katikati. Mara nyingi mwanamke aliyebakia hakuulizwa kitu.

4. Waliobakia

Historia ya machimbo inaandikwa kila mara na macho ya wale waliokwenda. Tungependa kusema pia juu ya wale waliobakia, hasa wamama.

Mwanaume akitoka, kodi na pamba havikutoka pamoja naye. Kazi nzito za mwanzo wa shamba, kama kukata miti na matawi kabla ya kuchoma, zilikuwa za wanaume. Walipopungua, shamba likawa dogo, ama mwanamke alilima palepale mwaka baada ya mwaka mpaka udongo ukachoka. Alingoja habari kwa kinywa cha mtu aliyerudi. Mara blanketi na kitambaa vilifika, mara havikufika. Wengine walingoja mpaka mwisho. Wengine walirudi kwa wazazi wao, na kukawa maneno juu ya kurudisha mali. Wengine walikamata njia wao wenyewe, wakaenda mjini bila kuitwa na mtu, na mji ukawapa majina mabaya.

Lakini tusiseme kwamba waliobakia walibakia tu kwa bahati mbaya. Walikuwa na kazi. Walishika shamba, walishika majina, walishika makaburi. Walilea mtoto aliyeachwa. Mtu wa kambini akipoteza bibi, ni wao waliomtafutia mwingine. Akikufa, mjane na watoto hawakuwa tena na haki ya nyumba ya kampuni, na ni kwao walikorudi, kama kulikuwa bado na mtu wa kuwapokea. Katika miji, watu wa asili moja walitengeneza vyama vya kusaidiana, wakichanga franga juu ya mazishi na juu ya tikiti ya kurudisha mjane. Vyama vile vilijaribu kufanya mjini kazi ya baraza la kijiji. Chama chetu na vingi vya namna yake ni wajukuu wa mchango ule.

5. Siku njia ilipokatika

Jibu la jamaa linapimwa siku ya taabu. Katanga ilipata siku za namna hii mara nyingi.

Ya kwanza ilikuja upesi sana. Tangu 1930 bei ya shaba ilianguka duniani, na katika miaka michache Union Minière ilirudisha zaidi ya nusu ya watu wake. Kampuni iliyowaambia mleteni bibi na watoto sasa iliwaambia rudini nao. Wengi walipata mahali, sababu walikuwa wametoka nyumbani karibuni tu: ndugu aliyebakia alikuwa angali pale, na shamba lilikuwa na mwenyewe. Njia ilikuwa bado wazi.

Mwaka 1941, wakati wa vita, vitu vilipanda bei, na mnamo mwezi wa kumi na mbili wafanyakazi wakasimamisha kazi. Tarehe 9 Desemba, kwenye kiwanja cha mpira cha Lubumbashi, askari walipiga risasi watu waliokusanyika, wakaua makumi. Leonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, alikuwa kati yao. Hapa tunaona upande mwingine wa kukaa na jamaa yote mikononi mwa kampuni. Mwanaume peke yake akigombana na bwana wa kazi, anapoteza mshahara. Mwenye jamaa kambini anapoteza pamoja mshahara, nyumba, poso na masomo ya watoto. Wote walijua hivi, na walisimama hata hivyo.

Halafu vikaja vizazi vilivyozaliwa hapahapa. Watoto wa kambi walichezea Kiswahili, si lugha ya nkambo. Baba aliwaza Kiluba ama Kibemba, mtoto akamjibu Kiswahili. Lugha hii ambayo tunaiandika kwa furaha ni mtoto wa shauri lile la kuhama. Ilitupa ndugu wengi wapya, na pia ilitupunguzia maneno ya kusema na nkambo. Inatupendeza kukumbuka kwamba mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waboyi wa zamani, aliandika kwa Kiswahili hiki historia ya mji wa Elisabethville. Watu waliokuja kutumika walikuwa sasa wanaandika mji ule kama mji wao.

Lakini siasa haikuona vile. Wakati wa Katanga kujitenga, kati ya 1960 na 1963, makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia mwaka 1961 katika kambi ya Umoja wa Mataifa hapa Elisabethville, na wengi wakapelekwa Kasai mwaka 1962. Na Kasai yenyewe ilikuwa imechafuka kwa vita kati ya Waluba na Walulua. Basi tusidanganyane: hata mtu aliyebakia nyumbani aliweza kufukuzwa nyumbani. Kubakia hakukuwa ngome.

Tarehe 1 Januari 1967 machimbo yalikamatwa na serikali, na baadaye yakapata jina la Gécamines. Poso, hospitali na masomo viliendelea, na "baba na mama" akabadilisha jina tu. Lakini tangu 1990, mwaka machimbo ya Kamoto yalipoanguka, kampuni ilianza kuzama. Kisha yakaja mambo ya 1992 na 1993. Hatuandiki ili kufungua vidonda, lakini kitabu cha desturi kisichosema neno hili kingekuwa kitabu cha uongo. Mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine. Walilala miezi kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi walikufa pale na njiani. Reli iliyoleta nkambo mwaka 1928 njo ileile iliyorudisha wajukuu, na wengi wa wajukuu wale hawakuwahi kuona Kasai hata siku moja.

Wakati ule swali la zamani liliingia mpaka ndani ya chumba cha kulala. Bwana ni wa Kasai, bibi ni wa hapa, mama yake Musanga ama Mubemba. Bwana anasema: "Batoto ni bangu, benda na miye." Mjomba wa bibi anasema: "Batoto ni ba ukoo wetu, babakie." Baraza la jamaa mbili ambalo lilipaswa kuketi siku ya ndoa lilikuwa halijaketi kamwe, sababu mali ilikuwa imepita haraka ama imepita ku biro. Sasa liliketi na hofu mlangoni. Ndoa zingine zilivunjika. Zingine zilishinda, bibi akapanda treni pamoja na bwana yake, ama jamaa ya bibi ikamficha bwana. Walipofika Mwene-Ditu ama Mbuji-Mayi, wale ambao jamaa yao iliacha kamba, mtoto, shamba, jina linalojulikana, walipata mtu wa kuwaita ndugu. Wengine walipokewa kama wageni katika inchi ya nkambo zao.

Mwisho, mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia, wafanyakazi 10.655 wa Gécamines waliondoka kazini na kupewa franga za mara moja. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, miaka miwili mbele, alikuwa ametoa kitabu ambacho kichwa chake kinawaita Bana Shaba watoto walioachwa na baba yao. Baba wa kambi alipopata franga zile alikuwa na miaka hamsini na zaidi. Hakuwa na mjomba wa kumshauri, hakuwa na shamba, na watoto wake waliuliza kwa haki: turudi wapi?

6. Neno kwa jamaa za leo

Tunaona watu wawili wanaotaka kutumia historia hii vibaya. Wa kwanza anasema: kumbe mliona, asiyebakia kwao anapotea. Si kweli. Bila wale waliotoka, wengi wetu hatungezaliwa, na wengi waliobakia wangeshindwa kulipa kodi na mali. Wa pili anasema: desturi ni mzigo, anayetaka kwenda mbele aende na bibi yake na asiulize mtu. Tumeona mwisho wake vilevile. Kila mara mtu alipofikiri kwamba amekata shauri peke yake, mwingine alikuwa amelikata kwa ajili yake: mkubwa aliyemchagua, ofisi iliyomtangulizia mali, siasa iliyomfukuza.

Katika miaka hii ya 2020 treni na makamyo yanaleta tena vijana na jamaa kutoka Kasai kuja miji ya machimbo. Na vijana wa miji hiyohiyo wanatoka kwenda mbali. Kampuni za leo zinatoa mshahara, lakini hazijengi jamaa nyumba wala kuwapa watoto poso kama zamani. Basi anayehama leo na bibi na watoto anahama akiwa na ulinzi mdogo kuliko nkambo yake wa 1928. Anahitaji baraza zaidi.

Kwa hiyo tungependa jamaa ikae chini kabla ya kununua tikiti, na ijibu maswali ya wazee kwa maneno ya leo. Je, mali ya ndoa hii imemalizika, na jamaa mbili zinajuana, ili siku ya taabu watoto wasivutwe huku na huku? Nani anabakia na shamba, ama lupango, na karatasi zake ziko kwa jina la nani? Mama mzazi atatunzwa na nani, na yule anayebakia kumtunza atapewa nini na wale wanaokwenda? Sababu kubakia nako ni kazi, na kazi inalipwa. Bibi ameulizwa, ama ameambiwa tu? Na watoto watajifunza kuita nkambo yao kwa lugha gani?

Swali la mwisho wazee hawakulihitaji, sisi tunalihitaji. Nani ataandika? Wale waliokuja na treni ya 1928 wameisha kutuacha. Watoto wao wa kwanza ni wazee sana. Wanajua kijiji, ukoo, jina la ndugu aliyebakia, na sababu gani yeye alibakia. Tunawaomba wasomaji wachukue daftari wakae nao juma hili, si mwaka kesho. Jamaa inayojua nani alikwenda na nani alibakia itakata shauri lake la leo na watu wengi zaidi kwenye baraza, hata wale walio mbali.